Fungu Zima kwa Mtu Mmoja

Jumapili, 22 Aprili 2018

Nimetia saini. Fungu zima, si nusu. Waseme watakavyo.

Rabi Yonah alimleta mkulima ukumbini baada ya sala ya asubuhi. Anaitwa Marlene Vrooman, mwanamke wa mabega mapana, kucha zake zina udongo usiotoka hata kwa brashi. Nilimpenda hapo hapo. Akaeleza: unalipa sasa, kabla hajapanda kitu, halafu kila Jumatano kuanzia Juni analeta makasha ya mboga hapa sinagogi. Shamba likikubali, mnashiba wote. Mvua ya mawe ikipiga, mnapigwa wote. Watu wakaanza kukohoa na kutazama viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono nipewe kalamu.

Mwanangu Gershon alikuwa amekaa pembeni yangu. Kaja kutoka Phoenix, Arizona, kwa siku nne, na siku zote nne wimbo wake ni ule ule. Mama, nyumba kubwa. Mama, ngazi. Mama, theluji. Mama, tumekutengenezea chumba chenye mlango wake. Alipoona nimeweka alama kwenye fungu zima akacheka kwa sauti. Eti Mama, hicho ni chakula cha watu wanne, na wewe unaishi kwa yai moja na chai! Kitaozea kwenye friji.

Mbele ya watu wote. Mbele ya wifi yangu Tsipora!

Damu ikanipanda. Nikasema — nakumbuka kila neno — "Nikitupa hata jani moja kabla ya Mwaka wetu Mpya wa Septemba, nauza nyumba na nahamia kwenu Arizona."

Tsipora akaniinamia sikioni: "Wifi, hukusema 'bila nadhiri'."

Na kweli sikusema. Miaka sabini na minne! Tangu utoto nayasema maneno hayo kabla ya kila ahadi — nitapita kesho bila nadhiri, nitakupikia supu bila nadhiri — ili ulimi wangu usinifunge mbele ya Mungu. Sote tunasema. Leo, kwenye jambo la nyumba yangu mwenyewe, nimesahau. Basi ni nadhiri kamili.

Sawa. Inifunge.

Jumatano, 6 Juni

Kasha la kwanza! Figili, saladi vichwa vitatu, spinachi, vitunguu vya majani, na sukuma wiki ya kutosha kulisha farasi. Tsipora amechukua nusu fungu. Alilibeba la kwake kwa mkono mmoja huku akinitazama nikihangaika na langu.

"Nikusaidie, wifi, au ndiyo nadhiri yenyewe hiyo?"

Nimefundisha watu udereva miaka thelathini na mmoja katika mji huu wa Syracuse. Nimekaa kiti cha pembeni na vijana waliofumba macho kwenye makutano ya njia. Kasha halinitishi.

Mboga za Marlene hazipigwi dawa, kwa hiyo wadudu wamo, na sisi mdudu haliwi. Nimeloweka kila jani kwenye maji ya chumvi, nikalisuuza, nikalinyanyua dirishani kwenye mwanga, upande huu na upande ule. Saa mbili nzima. Nimekamata vidukari kumi na tisa na kiwavi mmoja mnene. Kiwavi nimemtoa nje. Yeye hakuwa kwenye nadhiri.

Jumatano, 13 Juni

Leo kuna kitu cha kijani kibichi, kiduara, kina mikono inayotoka kila upande. Kolirabi, anasema Marlene. Vinne! Nikamuuliza kinaliwaje. Akasema menya tu, tafuna.

Kina ladha ya shina la kabichi. Nimekula kimoja nimesimama, kwa hasira. Vimebaki vitatu.

Jumapili, 24 Juni

Nimebisha kwa jirani yangu Delvecchio.

Naandika tena ili niamini: nimebisha kwa Delvecchio. Miaka kumi na mmoja hatujasemeshana, tangu nilipolirudisha gari nyuma nikauvunja mti wake wa tini, ule alioufunga magunia kila majira ya baridi kana kwamba ni mtoto. Mwalimu wa udereva! Hakunisamehe, na mimi sikuomba msamaha kwa sababu aliniita jina baya la Kiitaliano mbele ya mume wangu Lazer, Mungu amrehemu.

Lakini spinachi ilikuwa imejaa mpaka kwenye droo ya nyama. Nimekula spinachi na mayai, spinachi na mchele, spinachi na spinachi. Nikabeba furushi, nikavuka ua.

Akafungua. Akatazama majani, akanitazama mimi. Nikamwambia sikuja kuomba msamaha, nimekuja kwa sababu siruhusiwi kutupa.

"Nani amekukataza?"

"Mungu. Na mwanangu."

Akachukua furushi. Akasema haya hupikwa na maharagwe meupe na vitunguu saumu vingi, na kwamba mimi bila shaka nimeyachemsha mpaka yakafa. Akafunga mlango.

Saa kumi na moja jioni akabisha yeye. Sufuria imejaa. Ametia mafuta ya zeituni tu, hakuna nyama, anajua desturi zetu. Nikahamishia kwenye sahani ya karatasi, tukala barazani. Nilikuwa nimeyachemsha mpaka yakafa, ni kweli.

Jumanne, 10 Julai

Sasa kila Jumanne ni siku ya kumaliza. Kasha jipya linakuja kesho, kwa hiyo leo kila kilichobaki kinaingia sufuriani na anayetaka aje. Wiki ya kwanza walikuja Delvecchio na Tsipora. Leo tulikuwa kumi na wawili! Viti havikutosha, mtu mmoja alikalia ndoo. Kuna mama wa mapacha kutoka safu ya mbele sinagogi ambaye miaka minne nilikuwa namjua kwa kisogo tu. Kumbe anacheka kama bata.

Mitungi kumi na minne ya achari ya matango iko ghalani. Sijawahi kuwa na kazi nyingi hivi tangu nistaafu. Tangu Lazer afe, niseme ukweli, nilikuwa nakula nimesimama mbele ya sinki.

Gershon alipiga simu katikati ya kelele.

"Bado, Mama?"

"Bado hata jani!"

"Nani hao wanaopiga kelele?"

"Watu wanne uliosema watahitajika. Wamezaana!"

Akacheka, lakini kidogo.

Jumanne, 24 Julai

Nimelala. Naandika nimelala.

Jumapili ilikuwa saumu ya kulilia Hekalu, siku nzima bila hata maji, na joto la kuyeyusha lami. Kila mwaka nimefunga. Daktari aliniambia nisifunge tena, nikamwambia aniandikie barua nimpelekee Musa. Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni. Halafu nilikuwa sakafuni.

Tsipora ndiye aliyenikuta. Amenikemea siku mbili mfululizo huku ananinywesha maji kwa kijiko. Nikamwambia asimwambie Gershon.

"Sawa," akasema, "bila nadhiri."

Leo hakukuwa na siku ya kumaliza. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 27 Julai

Nimetupa.

Tsipora alileta kasha juzi, akaliacha karibu na mlango wa jikoni kwa sababu friji ilikuwa imejaa ya wiki iliyopita. Mimi nilikuwa kitandani. Leo nikaweza kusimama. Harufu ilinipokea kwenye ngazi. Saladi, vichwa viwili, vimegeuka uji wa kahawia na maji yanadondoka sakafuni. Nikavishika kwa gazeti, nikatoka nje, nikatupa kwenye pipa. Sikufikiri chochote, kweli sikufikiri! Nilitaka harufu iondoke tu.

Lori la taka lilikuwa limeshakata kona niliposimama katikati ya jikoni na kukumbuka.

Hakuna aliyeona.

Vilikuwa vimeoza. Je, kilichooza ni jani bado? Na nilikuwa mgonjwa. Na si mimi niliyeliacha kasha kwenye joto. Nimebishana na nafsi yangu tangu asubuhi kama mawakili wawili, na wote wawili wanalipwa na mimi. Lakini nilisema hata jani moja. Sikusema isipokuwa nikiugua.

Jumapili, 29 Julai

Gershon: "Bado, Mama?"

Mimi: "Bado."

Wepesi nilioutumia kulitamka! Nimekasirika mpaka nimepangusa jiko mara mbili.

Jumatano, 15 Agosti

Mwezi wa toba umeanza. Kila asubuhi baada ya sala wanapuliza pembe ya kondoo. Nimesikia pembe hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuona inanihusu sana. Niliyemkosea namjua, aliyenikosea namjua zaidi. Mwaka huu wanapuliza na mimi naona saladi.

Jana kumi na tano mezani. Mtu alinyanyua glasi: kwa Hinda Fruchtman, ambaye hatupi! Wakapiga makofi. Delvecchio pia, na yeye hapigi makofi hata kanisani kwake.

Nimekunywa. Ningefanya nini?

Leo nyanya, mahindi, biringanya. Nikimsaidia Marlene kushusha, nikamuuliza yeye hutupa kiasi gani. Akanishangaa. Eti Bi Hinda, mimi hufukia humo humo shambani, ziwe mbolea, mboga nyingi kuliko mnazokula nyote. Amesema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikataka kumwambia. Sikumwambia.

Jumapili, 2 Septemba

Nimemwambia Rabi Yonah. Ana miaka thelathini na miwili, nilimfundisha udereva mimi mwenyewe, alifeli mtihani mara moja kwa kuwaruhusu watu wote wapite. Nikamkuta ofisini anakula sandwichi. Nikasema nilitupa vichwa viwili vya saladi tarehe ishirini na saba Julai na tangu hapo nimekuwa mwongo.

Akaweka sandwichi chini. Hakucheka, na hilo nimelihesabu upande wake wa mema.

Akasema njia ipo, ile ile ya kila mwaka: asubuhi ya mkesha wa Mwaka Mpya watu watatu huketi kama baraza, mwenye nadhiri husimama mbele yao, nao humfungua. Lakini hii si ile ya jumla ambayo sote tunaisoma harakaharaka tukitazama saa. Hii ina jina na mashahidi. Kwa hiyo atatakiwa kuniuliza: je, kama ungejua jambo fulani siku ile, ungeapa? Nikijibu kwa kweli kwamba nisingeapa, nadhiri inakatika tangu mzizi, kana kwamba haikuwekwa. Nabaki nyumbani kwangu.

"Ni neno moja tu, Bi Hinda. Hapana."

"Na kama si kweli?"

Akashika miwani. "Basi nitatafuta swali jingine."

Alhamisi, 6 Septemba

Nimemchukua Gershon uwanja wa ndege. Niliendesha mimi. Amekuja kwa sikukuu, anarudi Jumatano.

Nilimwambia barabarani, ili nisilazimike kumtazama. Saladi. Pipa. Uongo wa simu. Nikadhani atashangilia, au atafanya ukarimu wa kuudhi, kusema Mama, achana nayo, ilikuwa utani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili.

Akauliza: "Kwa nini ulikuwa umelala kitandani siku tano?"

Hapo nikajua nimejikwaa. Ikabidi niseme na sakafu pia.

Tukapita mataa matatu. Kisha: "Ulianguka jikoni, na mimi nikasikia wiki sita baadaye, kwa sababu ya saladi."

"Nilikuwa na Tsipora."

"Mimi ndiye mwanao, Mama."

Nikamwambia ndiyo sababu. Ningekwambia ungekuja na masanduku. Akasema ndiyo, ningekuja na masanduku. Akageukia dirisha lake. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba hakunilazimisha kuapa, niliapa mwenyewe mbele ya watu, na kama nadhiri ni nadhiri basi chumba kipo tayari. Nikamjibu sitakaa kwenye nchi ambayo usukani unaunguza mikono.

Si mbaya, mwanangu. Ningependa awe mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

Ijumaa, 7 Septemba

Haraka, jua linakimbia na mikate ya Sabato imo kwenye oveni.

Gershon ameamka mapema. Nimemkuta ghalani anahesabu mitungi ya achari. Delvecchio akaja na mabeseni yake kuchukua nyanya, akamwuliza wewe ndiye yule wa Arizona? Akamwambia mama yako anapika vibaya sana lakini anajifunza. Nikapiga kelele kutoka jikoni kwamba nasikia! Gershon akacheka. Kicheko chake cha utotoni, kile cha puani. Halafu akakaa barazani peke yake muda mrefu.

Jumapili, 9 Septemba

Naandika jikoni, sinagogi, nimekalia kreti ya maziwa. Nimewaambia nakwenda msalani. Wako wanangoja chumba cha pili, watatu wote.

Haikupangwa hivi. Baraza lilikuwa Rabi Yonah, Tsipora, na bawabu wetu mzee, lakini bawabu ameamka na maumivu ya mgongo. Wengine walishaondoka kwenda kupika. Gershon alikuwa pale ameshika koti langu. Rabi akamtazama, akanitazama. Akasema kwa kufungua nadhiri ndugu wa damu wanaruhusiwa.

Basi mwanangu akaketi kunihukumu.

Nikasimama. Nikaisema nadhiri, neno kwa neno. Nikasema na nilichotupa, na lini. Tsipora akaufunika mdomo. Hakuwa anajua! Makofi yote yale aliyopiga. Nikamwona anakumbuka ni nani aliyeliacha kasha mlangoni. Nikamwambia usithubutu kujilaumu, hii ni yangu.

Rabi akaanza. Kama ungejua siku ile kwamba ungeugua mwezi wa Julai, ungeapa?

Nikafikiri kwa haki. Ningeapa.

Kama ungejua ungemwongopea mwanao?

Ningeapa, na ningejaribu kutoongopa.

"Bi Hinda, nisaidie kidogo," akasema. Jasho linamtoka. Kama ungejua uchovu, matango, wadudu? Kama ungejua ungeweza kuipoteza nyumba?

"Mwanangu Yonah," nikamwambia, "mimi kabla ya kiapo kile nilikuwa nakula nimesimama mbele ya sinki. Watu kumi na watano walikaa jikoni kwangu. Unataka niseme najuta? Sijuti! Hata jani. Andika, sijuti. Kama ndiyo bei, basi nahama, lakini sitasimama mkesha wa Mwaka Mpya, Mungu anapotuhukumu, kusema uongo ili nibaki."

Tsipora: "Wifi, kwa ajili ya Mungu, sema hapana tu, umwache kijana akapumzike!"

"Sisemi!"

Nilijisikia mrefu. Kweli, nilijisikia mrefu kama mlango.

Kisha Gershon akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuuliza. Rabi akasema ni mmoja wa watatu.

Akawa anatazama mikono yake. Akasema: "Mama. Siku ile ukumbini nilicheka kwa sababu niliogopa. Baba alikuwa amekufa, na kila nikiondoka kwako nakaa kwenye ndege nalia, saa nne nzima, mpaka mhudumu ananiletea tishu bila kuulizwa. Hujui, kwa sababu sijakwambia. Ulipoapa kwa hasira vile, mbele ya watu, kwamba kuja kwangu ndiyo itakuwa adhabu yako — nililia safari hiyo kuliko zote." Akanyanyua macho. "Kama ungejua hilo, ungeapa?"

Ndipo nikasema msalani.

Mjanja yule! Nimefundisha watu elfu kuangalia kioo cha nyuma, na hili halikuwahi kuonekana kwenye kioo changu. Adhabu. Nilisema hivyo kweli. Nikikosea, nipelekwe kwa mwanangu.

Jibu ninalo. Nililipata kabla hajamaliza kuuliza. Hapana. Nisingeapa. Ningetia saini fungu zima, ningemlisha Delvecchio na mapacha na mtaa mzima, lakini vile, kwa maneno yale, mbele yake — hapana.

Na ni kweli, hiyo ndiyo inayoniua. Ni neno moja la kweli na linanifungua. Nikilisema nabaki nyumbani kwangu, na Jumatano yeye anapanda ndege. Anajua. Si mjinga, alikuwa amekaa pale barazani Ijumaa akalifikiria. Mtoto anayetaka nihame kuliko mtu yeyote duniani ndiye aliyenipa neno la kubakia, na amelitoa pale panapomuuma.

Rabi amebisha mlango. Anauliza kama niko sawa, saa inakwenda.

Nimesema nakuja. Sijainuka.